Chambo cha uvundo: kambare wa Marekani hufuata nini hasa?

Majira ya joto yakiingia Marekani, video fupi za uvuvi huanza kuzunguka kwenye simu za wasemaji wa Kiswahili walioko Kentucky, Iowa na Texas, na kupitia kwao zinafika kwa ndugu zao Kigoma, Bukavu na Mombasa. Mtu anafungua kopo, anageuza uso pembeni, anakandamiza ndoano ndani ya rojo zito la rangi ya udongo, anairusha mtoni, na baada ya muda anatoa kambare wa kilo mbili. Maswali yanayofuata ni yale yale. Ni sumu hiyo? Ni kinyesi? Samaki aliyekula kitu kama hicho analiwa kweli? Na kambare wa kwetu naye angekuja?

Majibu mengi yanayotolewa ni ya kubahatisha, na yana kosa moja la pamoja: yanachukulia kwamba uvundo ndio unaomwita samaki. Uvundo ni habari ya pua za binadamu. Kinachomleta kambare ni kile kinachoyeyuka kutoka kwenye chambo na kuchukuliwa na maji. Ukishalishika hilo, mengine yote kuhusu chambo hiki, kuanzia namna ya kukitengeneza mpaka mahali pa kukitupa, yanaeleweka bila shida.

Samaki mwenyewe na chambo chenyewe

Samaki anayezungumziwa ni kambare chaneli, kwa jina la kisayansi Ictalurus punctatus, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa viumbe Rafinesque mwaka 1818. Kwao ni Amerika Kaskazini, tangu kusini mwa Kanada, kupitia bonde lote la mto Mississippi, hadi kaskazini mwa Meksiko. Hana magamba, mkia wake umegawanyika panda, na akiwa mdogo huwa na madoa meusi ubavuni ambayo hufifia anapokua. Wengi wanaovuliwa ni wa nusu kilo hadi kilo tatu au nne. Rekodi ya dunia ni samaki wa pauni 58, yaani kilo 26 na ushei, aliyevuliwa mwaka 1964 katika bwawa la Santee-Cooper, South Carolina. Ndiye pia anayefugwa kwa wingi katika majimbo ya Mississippi, Alabama na Arkansas.

Anao ndugu wawili wakubwa kuliko yeye, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kambare wa buluu hupenda samaki mbichi aliyekatwa vipande. Kambare kichwa bapa hupenda samaki hai anayechezacheza kwenye ndoano. Kambare chaneli hachagui: wadudu, konokono, kamba wa mtoni, samaki, mbegu na matunda yanayodondoka majini, vyote anakula. Chambo cha uvundo ni chake yeye. Anayekesha na kopo la jibini akimngoja kichwa bapa wa kilo 20 anapoteza usiku wake.

Chambo cha uvundo ni rojo la vitu vyenye protini nyingi, hasa jibini kuukuu, samaki wadogo, ini la kuku au damu, lililoachwa lichache kisha likatiwa kitu cha kulishikanisha. Hakina kinyesi. Wala si sumu: utupa na sumu nyingine za kuvulia humlewesha au kumuua kila samaki aliye karibu, na sheria za uvuvi za Tanzania na za Kenya zinaziharamisha. Chambo hiki hakimgusi samaki ambaye hakukamata ndoano.

Madukani huko utakuta namna tatu. Ya kwanza ni ya kuchovya, laini, yenye uzito wa mtindi. Haiwezi kukaa kwenye ndoano tupu, kwa hiyo hutumiwa pamoja na kipande cha sponji au mnyoo wa mpira wenye matundu na mikunjo. Ya pili ni ya kudunga, nzito zaidi na yenye nyuzinyuzi ndani, ambayo ndoano husukumwa humo kwa kijiti na kutoka imejivika yenyewe. Ya tatu ni donge, unga uliokandwa, unaofinyangwa kwa vidole kuzunguka ndoano. Kwa anayeanza, ya kudunga ndiyo bora. Ya kuchovya inatoa utomvu mwingi lakini inaisha haraka, na donge hukaa muda mrefu kwenye ndoano kwa sababu haliyeyuki vizuri, jambo ambalo ni hasara, si faida.

Anayejiepusha na damu au nguruwe asome kibandiko cha kopo kabla ya kununua, kwa sababu baadhi ya michanganyiko ina damu au ini la nguruwe. Cha jibini na samaki kinavua vizuri bila hivyo.

Kambare anaonja maji

Ukoo wa kambare, baba sharubu, mama sharubu, mtoto sharubu. Kambare chaneli anazo nane: mbili juu karibu na matundu ya pua, mbili ndefu pembeni mwa mdomo, na nne kidevuni. Zimejaa vionjio, yaani zile chembe ambazo sisi tunazo juu ya ulimi. Na vionjio vya kambare haviishii kwenye sharubu. Vimetapakaa kwenye midomo, kwenye mapezi na kwenye ngozi ya mwili mzima, hata mkiani. Ndiyo maana anaweza kula kwenye maji ya matope ambamo macho hayamsaidii kitu, au usiku wa giza.

Vionjio hivyo vinatafuta nini? Mwaka 1975 mtafiti John Caprio alichapisha vipimo vya neva za ladha za kambare chaneli. Alionyesha kwamba sharubu zake hushtuka kwa kiasi kidogo mno cha asidi za amino, vile vipande vidogo ambavyo protini zote zimejengwa kwavyo. Mbili kati ya zinazomshtua sana ni alanini na arginini. Pua yake nayo inatambua asidi za amino. Samaki hana njia ya kunusa hewa. Chochote anachokinusa au kukionja lazima kwanza kiwe kimeyeyuka majini.

Sisi tuko kinyume chake. Pua yetu hupata kile kinachoruka hewani: gesi za salfa, amonia, asidi za jibini lililochacha. Asidi za amino haziruki, na kwa hiyo kwetu karibu hazina harufu. Zinafanana na chumvi kwenye mchuzi: ukisimama mlangoni huwezi kujua kama imetiwa, lakini tone moja likigusa ulimi linatosha. Mvuvi anayefungua kopo na kushika pua ananusa gesi. Kambare anayekuja kutoka chini ya mkondo anaonja chumvi ya mchuzi ule.

Sasa inaeleweka kwa nini chambo huachwa kichache. Protini nzima ya jibini bichi au ya nyama ya samaki ni kitu kikubwa, kigumu kuyeyuka. Bakteria wanapoifanyia kazi wanaikatakata mpaka kuwa asidi za amino zilizo huru, na hizo ndizo zinazotawanyika majini. Jibini kuukuu limeshafanyiwa kazi hiyo kiwandani kwa miezi. Ndiyo sababu limekuwa msingi wa vyambo hivi badala ya maziwa au nyama tupu. Gesi zinazonuka hutokea njiani, kwa sababu bakteria wale wale wanazitoa.

Lakini kazi hiyo ina mwisho wake. Ukiiacha iendelee wiki baada ya wiki kwenye joto, bakteria huanza kuzila asidi za amino zenyewe na kuzigeuza kuwa amonia na vitu vingine vikali. Kopo litanuka kuliko mwanzo, huku lile lililomvutia samaki likipungua. Dhana ya kwamba kadiri kinavyooza ndivyo kinavyovua ndiyo inayowaharibia watu ndoo nzima za chambo kizuri.

Dhana ya pili inayohitaji kuwekwa sawa ni ya mafuta. Watu humimina mafuta ya samaki au ya kitunguu saumu wakiamini yatabeba harufu mbali. Mafuta hayachanganyiki na maji: hupanda juu na kuelea, wakati kambare yuko chini. Kidogo hakidhuru, na wakati wa baridi husaidia kulainisha rojo. Yakizidi, hufunika chambo na kuzuia maji yasiingie ndani yake, na chambo kisichoingiwa na maji hakitoi kitu.

Majimbo ya kusini mwa Marekani yana ushahidi mwingine mzuri kwamba kinachomleta kambare ni kile kinachoyeyuka, si uvundo. Huko kuna watu wanaotega mishipi mirefu ya ndoano nyingi na kuivika vipande vya sabuni ya kufulia iliyotengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, hasa Zote, ile sabuni ya waridi kutoka Meksiko. Sabuni hiyo haina uvundo hata kidogo. Inanukia. Lakini inayeyuka polepole usiku kucha, na kambare wanaipata.

Kukitengeneza nyumbani

Kiasi cha kutosha safari kadhaa kinahitaji nusu kilo ya samaki wadogo pamoja na matumbo yao, au ini la kuku la uzito huo, kilo moja ya jibini, lile la bei nafuu kabisa au lililopita tarehe yake, kikombe kimoja cha maji, unga wa ngano, na nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi zinazotumika tangu zamani ni sufi ya ule mmea mrefu wa majini unaoota kando ya madimbwi Marekani, wenye kichwa kirefu cha kahawia mwishoni mwa shina. Kichwa kimoja kilichokomaa, kikipukutishwa, kinatosha. Pamba iliyochambuliwa vizuri inafanya kazi hiyo pia.

Saga samaki na maji mpaka wawe uji. Tumia mashine ambayo hutaisagia chakula tena. Mimina kwenye ndoo ya plastiki, ujaze robo tatu tu, ufunike kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba ili nzi wasiingie, juu yake uweke kifuniko bila kukikaza. Weka kivulini, nje ya nyumba, kwenye joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Koroga kila siku. Siku ya nne au ya tano uji utakuwa umetoa povu na kuwa mwepesi. Hapo ponda jibini na ulichanganye humo, kisha uache tena kama wiki moja. Likishalainika lote na kuwa rojo moja, tia sufi, halafu unga kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka kijiti kisimame chenyewe kwa muda kabla ya kuanguka.

Kifuniko kisikazwe. Uchachu unatoa gesi mfululizo, na chupa ya kioo iliyofungwa barabara na kuachwa ndani ya gari juani itapasuka. Hata kopo la dukani hufunguliwa taratibu, likielekezwa mbali na uso. Vaa glavu, usile huku unalishika, na unawe kwa sabuni baada ya kazi, kwa sababu ini la kuku na samaki waliochacha wana bakteria wanaoweza kukuharisha vibaya. Ndimu au siki hupunguza harufu iliyobaki mikononi.

Kabla ya kwenda mtoni, jaribu chambo nyumbani, na hapa usiwe na haraka. Jaza maji safi kwenye ndoo ya rangi nyeupe, yenye joto linalokaribiana na la mto. Vika ndoano, izamishe, itulie. Ndani ya dakika moja au mbili unapaswa kuona wingu jepesi likianza kujitenga kutoka kwenye kingo za chambo na kushuka polepole. Baada ya dakika 15, inua ndoano taratibu: iwe bado imefunikwa, ingawa chambo kimepungua na sufi imeanza kuonekana nje. Ikitoka tupu, rojo ni jepesi, ongeza sufi kabla ya kuongeza unga. Ikitoka vile vile ilivyoingia na maji bado ni safi, rojo ni gumu au lina mafuta mengi. Tia maji vijiko viwili vitatu ukoroge. Unga ukizidi hufanya ganda juu ya chambo, na ganda hilo ndilo sababu ya kawaida ya chambo kizuri kukaa saa nzima majini bila kuguswa.

Ndoano, mshipi na chubwi

Ndoano ya ncha tatu, namba 4 au namba 6, ndiyo inayoshika rojo vizuri, hasa ikiwa imezungushiwa springi ndogo ya waya kwenye shina. Ndoano ya duara, ambayo ni nzuri sana kwa vipande vya samaki, haifai hapa: rojo hujaza uwazi wake na ncha haipati nafasi. Mshipi unaohimili uzito wa pauni 12 hadi 20 bila kukatika unatosha. Tia chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi, lenye tundu katikati ili mshipi upite humo kwa uhuru. Gramu 14 hadi 28 kwa maji tulivu, gramu 56 au zaidi mkondo ukiwa mkali. Chini ya chubwi funga pete ya kuzunguka, kisha kipande cha mshipi cha sentimita 30 hadi 45, kisha ndoano. Samaki akivuta, mshipi unapita ndani ya chubwi naye hausikii uzito.

Kuvika ndoano kwa chambo cha kudunga kuna namna yake. Laza ndoano juu ya rojo, weka kijiti bapa kwenye kikunjo chake, isukume chini kama sentimita tano. Toa kijiti kwa kukiegemeza pembeni ili rojo lifunge tundu lililobaki. Kisha vuta mshipi wima, polepole, bila kuuyumbisha. Nyuzi zinanyooka, zinang'ang'ania ncha, na ndoano inatoka na tonge lenye ukubwa wa zabibu kubwa hivi. Usiliongeze kwa vidole. Lichovye mara moja kwenye maji ili sehemu ya nje ikaze kidogo, halafu rusha kwa kubembea, mkono ukipita chini, siyo kwa kukung'uta. Anayerusha kwa nguvu husikia chambo kikianguka majini mahali pamoja na ndoano mahali pengine.

Joto la siku hubadilisha kila kitu. Rojo lililokuwa sawa saa kumi na mbili asubuhi linakuwa uji saa nane mchana. Weka kopo kwenye boksi la barafu na ulitoe unapovika tu. Asubuhi ya baridi likiwa gumu, liache juani robo saa au litie mafuta ya kupikia kijiko kimoja.

Wakati na mahali

Maji yakiwa na nyuzi 20 na kuendelea, rojo linayeyuka vizuri na kambare wana njaa. Kwa majimbo mengi ni kuanzia Mei au Juni hadi Septemba. Maji baridi huligandisha na samaki hapotezi nguvu kufuata njia ndefu ya ladha. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, barafu ikishayeyuka, kambare chaneli hula samaki wadogo waliokufa kwa baridi na kusukumwa ukingoni na upepo. Kipindi hicho kifupi kipande cha samaki kilichochacha ni bora kuliko rojo lolote la jibini. Usiku ni mzuri wakati wa joto kali, ila si kweli kwamba mchana hawali. Mchana hukaa zaidi kwenye kina na kwenye vivuli vya magogo.

Mtoni, kaa upande wa juu wa mahali unapodhani samaki yupo, kwa sababu ladha inakwenda na maji tu. Rundo la magogo lililonasa kwenye kona ya mto, mbele yake pakiwa na shimo, ni mahali pa kwanza pa kujaribu. Tupa ndoano mita mbili tatu juu ya magogo hayo, mkondo upeleke ladha ndani yake, samaki atoke kuitafuta. Mwenye kutupa chini ya magogo anawaita samaki ambao hawapo.

Kwenye bwawa hakuna mkondo, ila upepo unasukuma maji ya juu. Vulia ukingo ule ambao upepo unaupiga, kwenye kina cha mita moja hadi tatu. Miji mingi ya Marekani hupandikiza kambare chaneli kwenye mabwawa ya bustani za umma. Texas ina mpango maalumu wa kufanya hivyo katika mabwawa ya mijini miezi ya joto. Samaki hao walikuzwa kwa chakula cha punje chenye soya, hivyo hawana woga na rojo lenye unga, na ndio rahisi zaidi kwa mgeni wa uvuvi.

Badili chambo kila baada ya dakika 15 au 20 hata kama hakijaguswa. Kinaonekana kipo, lakini kilichokuwa kikiyeyuka kimeshaondoka na kilichobaki ni unga na sufi. Ukishabadili mara mbili bila kitu, hama. Kuongeza chambo kwenye mahali pasipo na samaki hakusaidii.

Leseni ni lazima kabla ya yote hayo, na kila jimbo lina yake. Leseni ya Kentucky haikufai ng'ambo ya mto Ohio ukiingia ndani ya Indiana. Texas, kwa mfano, haiwatozi walio chini ya miaka 17. Angalia pia idadi ya fimbo na ya samaki unaoruhusiwa, kama ndoano ya ncha tatu inakubalika mahali pale, na kama unaruhusiwa kumwaga chambo majini bila ndoano. Majibu hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na wakati mwingine kutoka bwawa hadi bwawa.

Kuvuta, na miiba

Kwa vipande vya samaki mvuvi huambiwa asubiri. Kwa rojo, usisubiri. Rojo ni laini, kambare hulimeza moja kwa moja, na ukichelewa sekunde kadhaa ndoano ya ncha tatu inakuwa kooni. Fimbo ikigongwagongwa kidogo, iache. Ikipinda na kubaki imepinda, vuta. Samaki mdogo aliyemeza ndoano ndani kabisa usiichokonoe kama unakusudia kumrudisha: kata mshipi karibu na mdomo, anayo nafasi nzuri zaidi ya kuishi hivyo.

Wengi huogopa sharubu. Sharubu ni nyama laini, hazichomi. Kinachochoma ni miiba mitatu: mmoja mbele ya pezi la mgongoni na mmoja kila upande mbele ya mapezi ya ubavuni. Samaki akishtuka huikaza na kuifunga wima, na ngozi inayoifunika ina sumu kidogo inayoleta maumivu makali na uvimbe. Mshike kutoka tumboni au mgongoni, kiganja kikiwa nyuma ya miiba, vidole vikipita nyuma ya mapezi ya ubavuni. Aliyechomwa aoshe jeraha na kuliloweka kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua. Likiendelea kuvimba aende hospitali. Kambare wadogo ndio wabaya zaidi, maana miiba yao bado ni mikali.

Je, analiwa?

Analiwa. Tonge alilomeza ni dogo, liko kwenye utumbo, na utumbo unatupwa. Nyama haichukui ladha ya jibini kwa nusu saa ile. Ile ladha ya udongo ambayo watu huilaumu chambo hutokana na maji anamoishi: kuna mwani na bakteria wanaotengeneza kitu kiitwacho jiosimini, samaki hukifyonza kupitia matamvua, na kikakaa kwenye mafuta yake. Chuna ngozi, kata ile nyama nyekundu ya ubavuni na mafuta ya manjano ya tumboni, na sehemu kubwa ya ladha hiyo inaondoka.

Swali la maana kwa mlaji ni mto gani samaki ametoka. Mito kadhaa ya Marekani ina zebaki au kemikali za viwanda, na majimbo hutoa maelekezo ya samaki wangapi waliwe kwa mwezi, yakiwa makali zaidi kwa wajawazito na watoto. Kuondoa ngozi na mafuta hupunguza zile kemikali zinazokaa kwenye mafuta. Hakupunguzi zebaki, kwa sababu zebaki iko ndani ya nyama yenyewe. Chagua samaki wadogo. Wakubwa wameishi miaka mingi na kukusanya zaidi.

Na kambare wa kwetu?

Kambare wa Afrika, Clarias gariepinus, ambaye wengine humwita kambale na kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya ni mumi, si ndugu wa karibu wa kambare chaneli, lakini naye ana sharubu nane, anatafuta chakula usiku na kwenye maji ya matope, na anategemea kuonja. Kanuni ya kinachoyeyuka inamhusu vile vile. Jibini ndilo lisilo na maana: kwa bei yake Mwanza au Kisumu, mtu atatumia fedha nyingi kuliko thamani ya samaki. Dagaa waliochacha, utumbo wa kuku na ini vinatoa kitu kile kile. Ziwa Viktoria kambare wadogo wenyewe ndio chambo, wakivikwa kwenye mishipi ya ndoano nyingi ya sangara.

Tatizo la ini na utumbo ni kukatika na kudondoka. Wamarekani hulitatua kwa kukata mraba wa soksi nyembamba ya nailoni, wenye upande wa sentimita nane, kuweka ini katikati, kukusanya pembe, kufunga kwa uzi na kupitisha ndoano humo. Utomvu unapita, nyama inabaki. Ukikosa soksi tumia kitambaa chepesi chochote chenye matundu madogo, isipokuwa kipande cha chandarua cha mbu kilichotiwa dawa: dawa ile ni kali mno kwa samaki hata ikiwa kidogo, na inabaki kwenye nyuzi kwa muda mrefu.